Klabu Iliyopima Barabara

Hadithi ya New York Road Runners husimuliwa mara nyingi kuanzia tarehe 13 Septemba 1970, siku watu 127 walipojipanga ndani ya Central Park kukimbia marathoni ya kwanza ya Jiji la New York. Kuanzia hapo ni kuchelewa. Siku hiyo klabu ilikuwa na umri wa miaka 12. Ilikuwa imeshaandaa marathoni katika mitaa ya Bronx, ilikuwa na jarida lake na viongozi wake, na ilikuwa imeshafanya kazi ambayo kwa maoni yangu inazipita zote ilizofanya baadaye, yaani kuwafundisha wakimbiaji wa Marekani namna ya kupima barabara.

Ukitaka kuujua mzizi wake, nenda Harlem ya mwaka 1936. Klabu kubwa za riadha za New York wakati huo hazikupokea watu weusi, na zipo ambazo hata Wayahudi hazikuwataka. Mwaka huo Joe Yancey na wenzake wawili, wote Wamarekani weusi, walianzisha New York Pioneer Club. Lengo lao lilikuwa kuwapa vijana wa Harlem mahali pa kufanya mazoezi na watu wazima wa kuwasimamia, katika masomo na tabia kama katika mbio. Mwaka 1942 waliifungua klabu kwa watu wa rangi zote. Waliokuwa wamefungiwa mlango na wengine wakaamua kutomfungia mtu. Yancey hakumuuliza kijana dini yake, wala hakumpima kasi kwanza ndipo amkubali. Ukifika uwanjani Macombs Dam Park, kando ya Yankee Stadium, ukawa tayari kufanya mazoezi, wewe ni mwenzao. Yancey huyohuyo ndiye aliyekuwa kocha wa Jamaika ilipochukua dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne katika Olimpiki ya Helsinki, mwaka 1952.

Katika klabu hiyo aliingia mwaka 1947 kijana mmoja mkimya aitwaye Ted Corbitt. Alizaliwa Dunbarton, South Carolina, tarehe 31 Januari 1919, mjukuu wa mtu aliyekuwa mtumwa, akakulia Cincinnati. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu yapo mashindano aliyozuiwa kushiriki kwa sababu wakimbiaji weupe hawakukubali kushindana naye. New York alisomea fiziotherapia, na kazi hiyo ya kuwasimamisha tena watu walioumia au waliozaliwa na ulemavu ndiyo iliyompa mkate kwa zaidi ya miaka 40. Mbio hazikumlipa. Alizikimbia asubuhi akienda kazini na jioni akirudi nyumbani, na siku za mapumziko aliweza kukizunguka kisiwa chote cha Manhattan, mwendo wa kilomita 50 hivi. Mwaka 1952 alikimbia marathoni ya Olimpiki huko Helsinki, ileile aliyoishinda Emil Zátopek. Corbitt alikuwa wa 44, na ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza wa kiume kukimbia marathoni ya Olimpiki.

Mbio ndefu wakati huo zilikuwa mtoto yatima wa riadha ya Marekani. Shirikisho la riadha ya ridhaa, AAU, lilikuwa na macho ya uwanjani tu. Marathoni zilikuwa za kuhesabika kwenye vidole, na mara nyingi maofisa walikunja meza zao wakati wakimbiaji wa nyuma wangali njiani. Browning Ross, aliyekuwa amekimbia Olimpiki mbili, alikuwa akitoa jarida dogo la kurudufu lenye matokeo ya mbio ndefu kutoka pande zote za nchi. Humo alipendekeza wakimbiaji waunde chama chao wenyewe, wakifuata mfano wa Road Runners Club ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1952. Mwezi Februari 1958 chama hicho kiliundwa. Mwezi Juni tawi la New York likafuata likiwa na wanachama wapatao 40, wengi wao kutoka Pioneer Club, na rais wake wa kwanza akawa Ted Corbitt.

Naomba msomaji atue hapa kidogo. Mwaka 1958 sheria za ubaguzi zilikuwa bado zinatawala majimbo ya kusini alikozaliwa Corbitt. Zaidi ya nusu karne baadaye, mtu anayetazama maelfu ya wakimbiaji wa Marathoni ya Jiji la New York wakivuka daraja la Verrazzano haambiwi kwamba rais wa kwanza wa klabu hii alikuwa mtu mweusi kutoka South Carolina, aliyechaguliwa na wenzake, weupe na weusi, kwa sababu walimwamini. Hilo halipaswi kuachwa kwenye tanbihi.

Shughuli za klabu changa ni zilezile popote ulimwenguni. Lazima awepo wa kuomba kibali cha barabara, wa kubeba maji, wa kushika saa, na wa kuandika majina ya waliofika kabla hayajachanganyika. Usiku lazima awepo wa kuketi apige chapa matokeo na kuyatuma kwa posta. New York mambo hayo yalifanywa na watu waliokuwa na kazi zao za mchana. Mmoja wa waasisi, Joe Kleinerman, aliendelea kuzipokea fomu na kuzipanga karatasi za klabu hadi uzeeni. Tarehe 22 Februari 1959, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa George Washington, waliandaa Cherry Tree Marathon katika mitaa ya Bronx. Jina lilitokana na kisa maarufu cha Washington na mti wa cheri. Baridi ilikuwa ya Februari, magari hayakusimamishwa, na watazamaji walikuwa wachache. Marathoni ya Jiji la New York imetoka kwenye tumbo la mbio hizo.

Sasa nije kwenye kupima.

Leo mkimbiaji akisema amekimbia kilomita kumi kwa dakika arobaini, tunamwamini. Miaka ya 1950 imani hiyo haikuwa na msingi. Umbali wa barabara ulikadiriwa kwa mita ya gari, kwa ramani, au kwa kauli ya mzee aliyekuwa akiandaa mbio hizo tangu zamani. Hata Boston, marathoni kongwe kuliko zote Marekani, kuanzia 1951 hadi 1956 ilikimbiwa kwenye njia iliyopungua zaidi ya kilomita moja, kwa sababu barabara ilikuwa imetengenezwa upya na kona zake kunyooshwa, na hakuna aliyerudia kupima. Marathoni ya kwanza ya Corbitt maishani ilikuwa Boston, mwaka 1951. Alimaliza akiwa wa 15, akashangiliwa kama wenzake, na baadaye ikathibitika kwamba siku ile hakuna hata mmoja aliyekimbia marathoni. Nadhani mtu aliyepitia hayo hawezi tena kuitazama barabara kwa macho yaleyale.

Mwingereza John Jewell alikuwa ameandika mwaka 1961 kuhusu njia ya kupima kwa baiskeli. Corbitt aliichukua, akailinganisha na njia nyingine, akaijaribu katika barabara za New York, na mwaka 1964 chama cha kitaifa kikachapisha kijitabu chake kuhusu upimaji wa njia za mbio. Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza hupimwa kipande cha barabara kilichonyooka kwa utepe wa chuma. Mpimaji hukipita kwa baiskeli mara kadhaa akihesabu mizunguko ya gurudumu la mbele, hadi ajue kwa hakika ni mizunguko mingapi kwa kilomita. Kisha huifuata njia yote ya mbio, akipita pale mkimbiaji mwerevu atakapopita: anakata kona, anabaki karibu na ukingo wa barabara, umbali wa kama sentimita 30, wala hapiti katikati ya barabara kama gari. Akimaliza hurudi kwenye kile kipande cha mwanzo na kukipima tena, maana jua likipanda hewa iliyomo ndani ya tairi hutanuka, gurudumu hukua kwa kiasi kidogo sana, na hesabu ya asubuhi si hesabu ya mchana. Baadaye ikaongezwa kanuni ya kuirefusha njia kwa moja katika elfu, yaani mita 42 katika marathoni, ili kosa likitokea liwe la kuzidi, lisiwe la kupungua.

Ni kazi ya alfajiri, kabla magari hayajajaa, na hakuna mpiga picha anayeamka kuifuata. Lakini hadi leo, pamoja na satelaiti na saa za mkononi, Shirikisho la Riadha la Dunia bado linahitaji baiskeli iliyosawazishwa kwa namna hiyo kabla ya kuutambua muda wowote wa barabarani kuwa rekodi. Muda wa Eliud Kipchoge wa Berlin unasimama juu ya hesabu hiyo.

Corbitt alipoachia uongozi, klabu iliongozwa na wengine, akiwemo Vince Chiappetta, na hatimaye, kuanzia 1972, na Fred Lebow. Chiappetta na Lebow ndio waliobuni marathoni ya 1970. Lebow alizaliwa Arad, Romania, mwaka 1932 kwa jina la Fischel Lebowitz, akaokoka mauaji ya Wayahudi, akafika New York na kufanya biashara ya mavazi. Mwenyewe hakuwa mkimbiaji hodari. Kipaji chake kilikuwa kushawishi watu. Ada ya kuingia kwenye marathoni hiyo ya 1970 ilikuwa dola moja. Njia ilikuwa mizunguko minne ya Central Park kwa sababu jiji halikutaka kufunga barabara. Joto lilikuwa kali, na kati ya wale 127 waliomaliza walikuwa 55. Mshindi, Gary Muhrcke, alikuwa askari wa zimamoto. Lebow aliandaa, akakimbia, akawa wa 45.

Mwanamke pekee aliyeanza siku ile, Nina Kuscsik, alishindwa kumaliza kwa sababu ya kuumwa. Lakini yeye na wenzake ndio wanaoipa miaka iliyofuata uzito wake. Tarehe 3 Juni 1972 klabu iliandaa mbio za wanawake peke yao, kama kilomita kumi, ndani ya Central Park. Walijitokeza 78. Zilikuwa za kwanza za aina yake, na zinaendelea kila mwaka. Miezi minne baadaye, kwenye marathoni, AAU iliamuru wanawake waanze dakika kumi kabla ya wanaume ili isionekane kwamba wanashindana nao. Mlio wa kuanza ulipopigwa, wanawake sita waliketi chini barabarani na mabango yao, wakasubiri dakika kumi, kisha wakainuka na kukimbia pamoja na wanaume mlio wa pili ulipopigwa. Waliongezewa dakika kumi kwenye matokeo. Uongozi wa klabu ulisimama upande wao, na kanuni hiyo haikudumu. Klabu ya ridhaa haina bunge wala mahakama, ila ina mstari wa kuanzia, na mwaka ule mstari huo ulitosha.

Mwaka 1976, Marekani ikiadhimisha miaka 200, lilitolewa wazo la kuitoa marathoni bustanini na kuipitisha katika wilaya zote tano za jiji. Percy Sutton, aliyekuwa rais wa wilaya ya Manhattan, alilibeba wazo hilo hadi kwa meya, familia ya Rudin ikatoa dola 25,000, na Corbitt akashiriki kuichora njia. Jiji lilikuwa karibu kufilisika na watu waliogopa mitaa yake. Wakimbiaji kama 2,000 walipita katika mitaa hiyo, na waliokaa vibarazani wakashuka kuwapa maji. Bill Rodgers alishinda kwa saa 2:10:10. Nyuma sana alikuja Dick Traum, aliyekuwa amekatwa mguu juu ya goti, akawa mtu wa kwanza kumaliza marathoni kwa mguu wa bandia. Alichukua zaidi ya saa saba. Mwaka 1983 Traum alianzisha klabu ya wakimbiaji wenye ulemavu iitwayo Achilles, na Road Runners ikaisaidia kusimama. Tangu hapo mtu asiyeona hukimbia akiwa na mwenzake wa kumwongoza, wameshikana kwa kamba fupi, kati ya wengine wote.

Kisha likaja jambo ambalo historia za sherehe hupenda kuliruka. Mwaka 1981 Alberto Salazar alishinda New York kwa saa 2:08:13, na dunia nzima ikatangaziwa rekodi mpya. Upimaji uliofanyika baadaye ulionyesha kwamba njia ilikuwa imepungua mita 148 hivi. Klabu iliyoasisiwa na mtu aliyewafundisha wengine kupima ilikuwa imekosea mbele ya kamera za dunia. Rekodi iliyotambuliwa ikawa ya Robert de Castella wa Australia, aliyekimbia Fukuoka mwezi Desemba wa mwaka uleule kwa saa 2:08:18. Mimi huliona jambo hilo kuwa heshima kwa kazi ya Corbitt. Kipimo kilikuwa na nguvu ya kuirudi hata nyumba yake yenyewe.

De Castella ndiye aliyempita Juma Ikangaa kwa sekunde 12 tu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane, 1982. Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma na ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, alikuwa na desturi ya kutangulia tangu mwanzo na kuwaachia wengine wamtafute. Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, kuanzia 1988 hadi 1990. New York, mwezi Novemba 1989, hakutokea wa kumpata. Alimaliza kwa saa 2:08:01. Ulikuwa ni muda bora kuliko ule wa Salazar kwa sekunde 12, na safari hii umbali ulikuwa kamili hadi mita ya mwisho. Rekodi hiyo ya njia ilidumu hadi 2001, Tesfaye Jifar wa Ethiopia alipoivunja. Kila ninapousoma muda wa Ikangaa humkumbuka pia mtu aliyeinama juu ya baiskeli alfajiri akihesabu mizunguko. Bila huyo, Mtanzania angeachiwa sifa ya ushindi wa siku moja, na ubishi juu ya muda wake usingekwisha.

Ikangaa alikuwa amefunguliwa njia na Mkenya Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda New York, mwaka 1987. Zamu ya wanawake wa Afrika ilifika mwaka wa msiba: mwezi Oktoba 1994 Lebow alifariki kwa saratani ya ubongo. Miaka miwili kabla alikuwa ameikimbia marathoni yake katika wilaya tano kwa mara ya kwanza, mgonjwa, akisindikizwa na Grete Waitz wa Norway aliyeishinda mara tisa, na wote wawili walimaliza huku wakilia. Katika marathoni ya kwanza baada ya kifo chake, upande wa wanawake alishinda msichana wa miaka 21 kutoka Pokot Magharibi nchini Kenya, Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni kubwa ya aina hiyo. Alirudi mwaka uliofuata akashinda tena. Fedha na jina alilopata huko aliviingiza katika kazi ya nyumbani: mbio za amani alizoanza kuziandaa mwaka 2003, ambamo vijana wa jamii zilizokuwa zikigombania mifugo walikimbia pamoja.

Marathoni ni siku moja tu ya mwaka, na siku nyingine zote klabu hii hukaribia zaidi tunachokijua hapa kwetu. Anayeamka Jumamosi alfajiri Temeke au Kinondoni, jijini Dar es Salaam, hukutana na klabu za jogging zikiwa na fulana za rangi moja, zinaimba, zinachanga kwa ajili ya mwenzao aliyefiwa, zinafanya usafi sokoni au kwenda kutoa damu hospitali. New York hawaimbi hivyo, lakini kazi ni ndugu. Klabu ina programu za bure za mbio kwa watoto shuleni, na mbio za bure za kila wiki katika bustani za mitaa, zinazoongozwa na wakazi wenyewe, ambazo mtu anaweza kutembea akitaka. Ofisini kuna wafanyakazi wa kulipwa sasa, na ada si dola moja tena. Waliomaliza marathoni ya 2024 walizidi 55,000. Ukubwa huo una gharama yake: wapo wanachama wa zamani waliolalamika kwamba klabu imekuwa kampuni, na malalamiko yao hayakuwa ya bure.

Hata hivyo ipo kanuni moja inayonifanya niamini kwamba watu wa 1958 wangeitambua klabu yao. Njia moja ya mwanachama kupata nafasi ya uhakika kwenye marathoni bila bahati nasibu ni kwamba katika mwaka uliotangulia akimbie mbio tisa za klabu, na mara moja aje kujitolea: kugawa maji, kupanga mizigo, kuongoza watu njiani. Hakuna nafasi kwa njia hiyo kwa aliyekimbia tu.

Corbitt alifariki tarehe 12 Desemba 2007, akiwa na miaka 88. Akiwa na miaka 82 alikuwa bado ameingia kwenye mashindano ya siku sita na kutembea maili 303. Mzunguko wa Central Park sasa una jina lake, na mbio za kilomita 15 zinazofanyika humo wakati wa baridi zina jina lake pia. Kwa mwanachama anayezikimbia zinahesabiwa katika zile tisa. Kwa anayesimama mezani asubuhi hiyo akijaza vikombe, zinaweza kuwa ile moja.